Uwanja wa Mbwa

(Hotuba iliyotolewa bwaloni na mwanachama wa Kidato cha Nne cha 1978, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tumeichapa kama ilivyosemwa. Salamu za mwanzo tu ndizo zimefupishwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, mahali ambapo na sisi tulikuwa tukikaa ili tupate kutoka kabla hotuba haijaisha:

Katibu wetu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya kazi za kujitolea katika nchi za ng'ambo. Nikamjibu kwamba nitazungumza juu ya mbwa. Alikaa kimya siku nne, kisha akanipigia simu kuniuliza hali yangu kiafya. Nashukuru, naendelea vizuri, na nitazungumza juu ya mbwa.

Wenzangu wa 1978 wanamkumbuka mbwa mmoja. Nitamrudia baadaye.

Nilikwenda Marekani mwaka 1986 kusomea elimu ya udongo katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu mzima sana, karibu na barabara iitwayo Hearst. Mama huyo alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, jina lake Duke. Wanaonifahamu wanajua nilikotoka. Nimezaliwa Pangani, katika nyumba ambayo mbwa akipita uani watu wanasogeza ndoo. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, huosha mara saba na mojawapo kwa udongo. Nikamweleza mama yule mapema kwamba simdharau mnyama wake, ila nina sala zangu. Alisikiliza, akasema Duke atabaki jikoni kwake na mimi nitapita mlango wa nyuma. Tukaishi hivyo miaka miwili bila neno.

Mwaka 1988 mama huyo alianguka bafuni akavunjika nyonga. Kutoka hospitali akapelekwa nyumba ya wazee, na nyumba ile haikupokea mbwa. Nilipokwenda kumwangalia alinishika mkono akaniomba nimtunze Duke mpaka atakaporudi. Ningesema nini? Huyu ndiye aliyenipikia supu nilipougua mafua wiki yangu ya kwanza, wakati sijui hata duka la dawa liko wapi. Nikasema ndiyo. Nikanunua koti moja la mitumba la kutembea na mbwa tu, nikalitundika msumarini nje ya mlango, na jozi ya glovu za bustani. Nilimwandikia mjomba wangu kumwuliza sheria inasemaje. Akanijibu kwa kurasa tatu, na mwisho wake akaandika kwamba amana ni amana.

Sasa mbwa mkubwa hawezi kukaa jikoni siku nzima. Na huko miji mingi ina sheria kwamba mbwa akitoka nje ya ua awe amefungwa kamba, na kamba iwe mkononi mwa mtu. Mtu anatembea, mbwa anamvuta, wote wawili wamechoka na hakuna aliyekimbia. Jirani akanielekeza uwanja wa mbwa.

Nieleze uwanja huo ni nini, maana najua wengine mnadhani ninatia chumvi. Katika miaka ya sitini reli ya BART ilipopitishwa chini ya ardhi katika Berkeley, nyumba zilizokuwa juu ya njia zilibomolewa. Reli ikafukiwa, juu pakabaki ukanda mrefu wa ardhi tupu. Mwaka 1969, wakati mji ule ulipokuwa katika ghasia kubwa kuhusu kiwanja cha People's Park, wananchi waliingia katika ukanda huo bila ruhusa ya mtu wakapanda miti na maua. Mabishano yalichukua miaka. Mwishowe pakawa bustani halali ya mji, ikapewa jina la Ohlone, kabila la wenyeji wa pwani ile kabla ya Wazungu. Mwaka 1979 mji ukakubali kipande kidogo cha bustani hiyo kizungushiwe ua, mbwa wafunguliwe humo kama jambo la majaribio. Mara nyingi hutajwa kuwa uwanja wa kwanza wa namna hiyo Marekani. Hakifiki hata eka moja. Shamba letu la mahindi pale bondeni lilikuwa kubwa kuliko hicho.

Na kwa kuwa mji ulitoa ardhi tu na shughuli nyingine nyingi haukuzibeba, watumiaji wenyewe walijipanga. Kikundi chao kikaja kuitwa Ohlone Dog Park Association. Hakikuwa na ofisi. Kilikuwa na ubao wa matangazo, toroli, reki mbili tatu, na makoleo ambayo kila moja lilikuwa na mpini wa namna yake.

Siku yangu ya kwanza nilitukanwa. Nyuwanja za namna ile hupendelea malango mawili: unaingia la kwanza, unalifunga nyuma yako, unamfungua mbwa kamba hapo katikati, ndipo unafungua la pili. Sababu yake ni kwamba mbwa aliye ndani asipate upenyo wa kukimbilia barabarani. Mimi nilifungua yote mawili kwa pamoja, kama mtu anayeingia sokoni na mikokoteni. Mzee mmoja akapiga kelele ambayo hata mbwa walisimama. Kisha akaja, akanionyesha taratibu, akaniuliza, "Huyu si Duke? Mama Duke yuko wapi?"

Mama Duke! Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa nchi ile miaka miwili watu wakihangaika kulitamka jina langu, na leo nasikia mtu anaitwa kwa jina la mwanawe kama kwetu Pangani. Ndivyo ilivyokuwa pale. Hakuna aliyejua jina la mtu. Profesa alikuwa Baba Rosie, fundi bomba alikuwa Baba wa wale weusi wawili, na mimi tangu siku ile hadi naondoka nilikuwa Duke. Hata "Baba" sikupewa.

Kazi zenyewe nitazitaja, maana nyie vijana mtazifahamu. Mbwa huchimba mashimo, na mtu anayetazama mbwa wake akikimbia hatazami mguu wake. Kwa hiyo kila wiki mashimo yalifukiwa. Mvua za kule hunyesha majira ya baridi, na uwanja unaokanyagwa na mbwa kutwa hugeuka tope. Basi wakata miti wa mjini waliombwa wamwage vibanzi vya matawi waliyoyasaga, badala ya kwenda kuvitupa, na sisi tukavisambaza kwa toroli. Vikioza vinawekwa vingine. Majira ya kiangazi kuna nyasi zenye masuke makavu yenye ncha; suke hilo likiingia sikioni au puani mwa mbwa haliwezi kurudi nyuma, linazidi kuingia, na daktari wa mifugo ndiye atakayelitoa. Nyasi hizo ziling'olewa kwa mkono kabla hazijakauka, watu wamepiga magoti mstari mmoja. Halafu kuna kinyesi. Kila mtu aliokota cha mbwa wake kwa mfuko wa plastiki, na mifuko ilitoka majumbani, ile iliyobebewa mkate, ikachomekwa kwenye uzio ili asiye nayo achukue. Na kila siku palikuwa na vinyesi visivyo na mwenyewe. Hivyo navyo viliokotwa.

Hapo ndipo nilipopata jambo la kujiuliza. Sisi tuliosoma hapa miaka ya sabini tulilelewa katika Elimu ya Kujitegemea, kama Mwalimu alivyoiandika mwaka 1967. Jumatano na Jumamosi tulishika jembe. Siyasemi mabaya, mahindi yale tuliyala. Lakini semeni kweli, wenzangu: tulilima mwalimu wa zamu akiwa amesimama, na akigeuka kwenda kunywa chai jembe nalo lilikwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa hodari wa kulima nikionekana. Pale Berkeley nilitazama Jumamosi ya kwanza, nikatazama ya pili, nikimtafuta msimamizi. Nilidhani ni yule mzee aliyenikemea. Nikamwuliza. Akacheka, akanipa reki.

Sitaki mdhani lilikuwa kundi la malaika. Waligombana kuliko kamati ya harusi. Waligombana kama mbwa wadogo wawe na sehemu yao. Waligombana juu ya vibanzi, maana wengine walitaka majani. Waligombana na majirani waliochoka na kubweka, na majirani wale walikuwa na haki, kwani kuna watu walijenga maisha yao pale kabla ya mbwa. Ikakubaliwa mwishoni mwa juma lango lifunguliwe kwa kuchelewa ili watu walale. Na watumiaji wengi, naweza kusema walio wengi, hawakushika koleo hata siku moja. Walikuja, mbwa akakimbia, wakaondoka. Kazi ilikuwa ya watu wachache walewale. Niliwahi kumlalamikia Baba Rosie juu ya hao wengine. Akasema ukianza kuwahesabu utaacha kufanya kazi, na akaendelea kusukuma toroli.

Nakuja sasa kwenye sehemu ambayo sijapata kuisema mbele ya watu.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 1988, jioni, giza limeanza. Mbwa mmoja mdogo mweupe alimsogelea Duke akiwa na mpira wake, na Duke akamkamata sikio. Mwenye mbwa mdogo, mama wa makamo, aliingiza mkono kuwatenganisha, naye akaumwa. Damu ya mbwa, damu ya mtu, kelele. Mimi nilimvuta Duke, nikamfunga kamba, nikapita malango yote mawili bila kufunga hata moja, nikaenda nyumbani. Sikusema jina langu. Sikusema pole. Nilizima taa.

Mkiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nilifikiri viza. Nilifikiri polisi, mahakama, gharama za daktari ambazo posho yangu ya mwezi isingegusa, na barua kwa wizara iliyonipeleka. Nilifikiri mimi ni mgeni mweusi, na mbwa mwenyewe si wangu. Siku tatu nilimtembeza Duke usiku, njia nyingine.

Siku ya tatu niliona karatasi kwenye nguzo ya taa. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Ilisema anatafutwa mbwa mkubwa wa kahawia aliyemwuma mtu uwanjani. Hakuna anayetaka kumshtaki mtu. Wanataka kujua tu kama mbwa huyo amechanjwa, kwa sababu asipopatikana, mama yule itabidi aanze sindano za kichaa cha mbwa siku ya Ijumaa. Chini palikuwa na namba ya simu.

Duke alikuwa amechanjwa. Mwaka hata mwaka mama mwenye nyumba hakukosa, na kibao cha chanjo kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake, kikilia kila anapotembea. Ningekionyesha siku ile langoni, basi. Huko kanuni ni kwamba mbwa aliyeuma huzuiwa mahali na kuangaliwa siku kumi; akibaki mzima siku hizo, basi wakati anauma hakuwa na ugonjwa katika mate yake, na aliyeumwa anasalimika bila sindano. Lakini mbwa asiyejulikana alipo haangaliwi.

Na sasa nimrudie mbwa wetu. Mwaka 1977, mwezi wa mavuno, mbwa aliingia eneo la shule kutoka upande wa mto. Wenzangu mnakumbuka alivyokuwa akitembea, kichwa upande, taya limelegea, mate yanachuruzika. Tulikimbia tukapanda juu ya meza za bwalo hili. Tulikuwa vijana zaidi ya mia, na tulipata muda wa kukimbia. Mtoto wa mpishi wetu alikuwa anacheza nyuma ya jiko, umri wake miaka sita. Aliumwa mkononi, si jeraha kubwa. Likafungwa kitambaa. Mbwa akauawa, watu wakashangilia, tukarudi darasani. Baada ya wiki kadhaa mtoto alianza homa, kisha akawa anaogopa maji. Waliokuwa bweni la karibu na nyumba za wafanyakazi walisikia usiku. Mimi nilikuwa bweni hilo.

Kwa hiyo katika uwanja mzima ule wa Berkeley, pengine hapakuwa na mtu aliyejua ugonjwa huo unavyoua kama nilivyojua mimi. Wao waliusoma kwenye karatasi ya chanjo. Mimi niliusikia kupitia ukuta. Nami nilisimama mbele ya ile nguzo ya taa, nikaisoma karatasi mara mbili, nikarudi nyumbani, na sikupiga simu usiku ule. Nililala nayo. Nilipiga asubuhi.

Mama yule alijibu yeye mwenyewe. Alipojua ni mimi alinyamaza, kisha nikasikia analia, si kwa hasira. Alisema asante. Namna alivyosema asante sijaisahau.

Duke akazuiwa nyumbani siku zake kumi. Sikio la mbwa mdogo lilishonwa, nami nikalipa kidogo kidogo mpaka mwezi wa tano. Kisha nikaitwa uwanjani. Walikaa kwenye meza ya mbao, watu watano, na mbwa wao chini. Nilitegemea kufukuzwa, na nilikuwa nimejiandaa kukubali. Walisema Duke asije kwa mwezi mmoja saa ambazo mbwa wadogo wamejaa. Walisema kosa la mbwa ni la mbwa, lakini kukimbia ni kwangu, na hilo wameliona. Halafu yule mzee akatoa daftari, akaniuliza Jumamosi zipi nina nafasi. Nikaandikwa zamu ya vibanzi. Nilidhani ni adhabu, nikaifanya kama adhabu. Ilipofika mwezi wa tatu adhabu ilikuwa imekwisha siku nyingi, na mimi bado niko kwenye toroli.

Nitaje mambo mawili, niyapite upesi. Jumapili tulikuwa tukimpeleka Duke nyumba ya wazee, asimame nje ya dirisha la mama yake. Sikuwa na gari. Aliyetupeleka, karibu kila Jumapili kwa miaka miwili, ni mwenye mbwa mweupe. Na mwaka 1990 nilipoletewa habari kwamba mama yangu mzazi amefariki Pangani, na nauli sina, nilitoka asubuhi na Duke kwa sababu Duke alikuwa lazima atoke. Mtu mmoja uwanjani akaniuliza kwa nini macho yangu yako vile. Nikamwambia. Jioni walianza kugonga mlango na vyakula. Fundi bomba alikuja na sufuria, akasimama kizingitini na kuuliza kwanza kama kuna nyama ambazo sili. Walikaa. Hawakujua la kusema, wakakaa kimya sebuleni kwa mama mwenye nyumba, kama watu wanavyokaa msibani kwetu. Mimi nilikuwa sijui kwamba Wazungu wanaweza kukaa hivyo.

Mama mwenye nyumba hakurudi. Duke alikufa mwaka 1993, mzee, nikiwa karibu kumaliza. Mwaka uliofuata nilirejea nchini. Uwanja ule bado upo, na mfano wake umeenea miji mingi ya Marekani. Kaskazini kidogo ya Berkeley, ukingoni mwa ghuba, kuna Point Isabel, pakubwa mara nyingi kuliko pale, na huko nako tangu 1985 kuna chama cha wenye mbwa kinachokusanya watu kufanya usafi.

Ndugu Mwenyekiti, nadhani sasa katibu anaanza kupumua. Namwomba asipumue bado.

Katika mkutano wetu wa mwaka juzi tulisimama hapa mmoja mmoja tukaahidi fedha za tangi la maji la bweni. Ahadi zilisomwa, tukapigiana makofi. Nimeangalia daftari jana kwa mtunza hazina. Ahadi yangu bado haijalipwa. Niliahidi mbele ya watu, nikatoka mlangoni, nikazima taa. Nimelipa jana, na risiti ninayo. Majina mengine yaliyomo daftarini sitayataja. Baba Rosie alinikataza kuhesabu.

Lakini sikupanda hapa kwa ajili ya tangi. Nimekuja kwa ajili ya mbwa.

Tangu nistaafu naishi kilomita nne kutoka hapa, na mbwa ninaowaona katika vijiji hivi ni wengi kuliko wale tuliowajua sisi. Wana wenyewe, msidanganyike. Ukimwuliza mtoto yeyote atakwambia huyu ni wa nani. Wasichokuwa nacho ni kibao shingoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila kumi wanaokufa, wanne ni watoto wasiozidi miaka 15. Dalili zikishaanza, daktari hana la kufanya. Kabla hazijaanza, kila kitu kinawezekana: jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, na mtu apelekwe kituo cha afya siku ileile akapate sindano. Mtoto wa mpishi alifungwa kitambaa. Hakuna aliyemwosha. Tulikuwa zaidi ya mia, na bomba la maji lilikuwa hatua kumi kutoka jikoni.

Na njia ya kuumaliza ugonjwa si kuua mbwa. Wataalamu wamejaribu hilo nchi nyingi. Wanaouawa mahali pao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa. Njia ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, mpaka ugonjwa ukose pa kupita.

Jumamosi ijayo maofisa wa mifugo wanakuja kuchanja bure, chini ya mwembe wa ofisi ya kata. Walikuja mwaka jana pia. Nilikuwapo. Chanjo ilibaki. Mbwa hawakuletwa, kwa sababu watu wengine hawakusikia, wengine walisikia wakadhani ni lazima walipe, wengine hawakuwa na kamba, na karibu kila mtu aliwaacha watoto wa mbwa nyumbani akidhani ni wachanga mno. Sivyo. Hata watoto wa mbwa wachanjwe.

Nimezungumza na Mkuu wa Shule, naye ameruhusu wanaotaka. Nasema wanaotaka. Hakutakuwa na mwalimu wa zamu, na hakutakuwa na alama. Ijumaa alasiri nahitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vitatu, wawili wawili, wakiwa na maneno manne tu: Jumamosi, mwembeni, bure, na wadogo pia. Jumamosi nahitaji wenye mwandiko mzuri wa kuandika vyeti, maana mwaka jana viliandikwa vibaya hata mbwa mmoja akapewa jina la mwenyewe. Nahitaji watu wa kupanga foleni, mbwa wasigusane, na mtu mmoja mwenye subira wa kukaa na maji na sabuni pembeni. Mbwa ashikwe na mwenyewe. Asiwepo mwanafunzi wa kumshika mbwa wa mtu, hata kama anamjua. Chanjo hukaa kwenye boksi la barafu, na boksi hilo lisifunguliwe ovyo. Wenzangu wa zamani wenye magari, nahitaji mawili. Wenye kamba za katani nyumbani, hata vipande, leteni. Mita mbili zinatosha mbwa mmoja.

Daftari liko hapa mezani, na kalamu. Nimeandika jina langu mstari wa kwanza ili usiwe mtupu. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi, kabla ya jua. Nitakuwa pale na koti langu la mitumba, lile lile. Vifungo viwili vimekatika.